Diski ya Mbele, Upande wa Kushoto

Butembo, Alhamisi 14 Machi 2002. Mvua asubuhi, sasa ukungu.

Leo nitaandika yote, hata sehemu inayonitia haya.

Mama amekwama Beni tangu barabara ifungwe. Kesho alfajiri askari wataruhusu msafara mmoja uteremke. Papa atakwenda kumchukua kwa pikapu yetu, na wafanyabiashara watano watapanda nyuma.

Plaketi mpya za breki, vile vibao vinavyobana diski, alikuwa nazo, akataka kuzifunga tu. Mimi ndiye niliyekataa. Katika shule ya ufundi tulifundishwa kwamba plaketi mpya haishiki vizuri juu ya diski yenye mifereji. Uso wake uchongwe kwanza uwe sawa. Ngoma za breki za nyuma vilevile.

Papa akacheka, akiniita mama kama kawaida yake. “Mama, weye njo fundi sasa. Twende kwa Kambale.”

Kambale, mwenye mashine ya kuchonga vyuma, alipotuona alipiga makofi. “Eh, ingénieur amefika! Papa, leo njo weye aide wake, wa kumushikia spana?”

Alichonga mpaka diski zikang'aa kama sinia. Papa akaenda kuwaambia wasafiri kwamba binti yake ameponya gari.

Nilibaki nikifunga. Niliposugua kutu karibu na kitovu cha diski ya kushoto, nikaona maandishi: unene usipungue milimita ishirini. Nikapima.

Kumi na nane na nusu.

Nikapima tena.

Diski hizi zilikwisha kuchongwa mara mbili kabla ya leo, maana tangu vita vianze diski mpya hazivuki mpaka. Nilijua. Kupima kabla ya kuchonga ni somo lilelile, ukurasa uleule. Nililisahau kwa furaha ya kusikilizwa.

Diski nyembamba hupata joto kali upesi, na kwenye mteremko mrefu yaweza kupasuka. Msafarani hakuna kusimama ili breki zipoe. Anayesimama anaachwa peke yake msituni.

Papa alirudi, akakanyaga pedali. “Sikia! Iko muzuri sana, mama.”

Nilitabasamu. Nikaficha kipimo mfukoni.

Sasa ni saa kumi jioni, yumo ndani anakula. Nyuma ya karakana ya Kambale kuna gari bovu la aina yetu; diski zake zina kutu, lakini ni nene. Tukianza sasa tutawahi.

Mdomo umenikatalia, mkono bado. Daftari hili naliweka wazi juu ya usukani.

Papa, nijibu kabla hujawasha gari: utanisaidia kufungua gurudumu la kushoto?