Kalamu Inayokwaruza

Kwako Dada mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za nyumba nzima. Mama ameniagiza nikuandikie kwamba hajambo, ila magoti tu. Baba amesema nikuambie kwamba nusu yake ni nzima kabisa, na nusu iliyobaki iko likizo. Mimi sijambo. Wewe je? Kile kikohozi tulichokisikia kwenye simu kimekwisha? Na mwenye nyumba wako ameziba bomba, au bado unalala na ndoo pembeni mwa kitanda? Tafadhali unijibu hayo kwanza, maana Mama huniuliza mimi kana kwamba nalala huko.

Utaona mwandiko wangu unakatika hapa na pale, na mahali pengine karatasi imechunika. Usidhani nimesahau tuliyofundishwa. Sababu utaikuta mbele, nami nakuomba usiruke mistari ukaitafute.

Nimeona niandike badala ya kungoja upige simu, kwa sababu simu ya nyumbani ni ya wote. Mama huiweka sauti ya nje, na neno ulilomwambia mmoja linasikika mpaka kwa jirani. Haya ninayokueleza hayafai kusikika na Baba. Naye yuko hapa hapa, kwenye kiti chake cha dirishani, miguu juu ya kigoda, ananisikiliza nikiandika. Nimemwambia nakueleza habari za mtihani wa hisabati. Mtihani nilifaulu, kwa hiyo si uongo mtupu.

Tangu ulipoondoka baada ya Baba kupata kiharusi, ulimi wake umerudi karibu wote, na utani umerudi nao. Yule mama wa mazoezi ya viungo kule kliniki alimpa mpira mdogo wa kuminya. Baba akauita limau lisilo na maji, akamwomba siku nyingine amletee la kweli, ili akiliminya, nyumbani tupate angalau kitu cha kutia kwenye chai. Mguu wake unakubali kumfikisha mlangoni. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ukiuweka mezani unakaa pale ulipouweka, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Unalikumbuka lile sanduku la vyeti. Tangu hatujazaliwa, Baba ndiye anayeandika majina ya wanaohitimu shuleni kwetu, na watoto wote humwita Bwana Wino. Mwaka huu pia Mwalimu Mkuu alilileta, akaliweka juu ya kabati kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimshukuru kimoyomoyo. Vilivyomo ni vya darasa letu, na kimoja ni changu. Siku alipoandika chako, mimi nilikuwa mdogo wa kupakatwa, lakini Mama husimulia kwamba nililia nikitaka na changu, na Baba akaniahidi kuwa changu atakiandika kwa mkia mrefu kuliko wako. Chako kiko ukutani mbele yangu ninapoandika haya. Nimekua nikikitazama.

Sasa, ile kalamu yake ya wino ya siku zote ilianguka pamoja naye siku ile, nibu, ile ncha yake ya chuma, ikajikunja kama ndoana. Kwa hiyo alipopata nguvu za kukaa mezani, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba apatiwe kalamu. Mama akafurahi sana. Alisema mtu anayedai kalamu hajakata tamaa, akanituma dukani nikanunue ya bei rahisi, ndiyo tuliyoiweza.

Baba hakuionea aibu bei hiyo. Alinieleza kwamba kalamu ya bei rahisi si mbovu, ni kazi iliyofanywa na fundi mwenye haraka, na mnunuzi huimalizia. Akanifundisha namna ya kuchagua. Niinue nibu kuelekea kwenye mwanga niutazame ule ufa wake wa katikati. Mabega mawili yawe sawa kama mapacha, na mwanga upite kama uzi, ukipungua mpaka upotee kwenye ncha. Basi nikaenda kwa mwenye duka la vifaa vya shule, yule tuliyekuwa tunamwita Bwana Usiguse kwa ajili ya kile kibao chake. Nilipofungua kalamu ya nne akaniuliza kama ninanunua au ninachumbia. Wateja wakacheka, nami nikafungua ya tano. Nilipomsimulia Baba alicheka mpaka akakohoa. Alisema ningemjibu kwamba mchumba akishindikana hurudi kwao, lakini kalamu yake ikirudi yeye haipokei.

Tulianza kazi alasiri ile ile. Mimi nilikuwa mikono, yeye alikuwa macho na masikio. Kwanza niliiosha kwa maji yenye tone la sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta, na wino hausafiri penye mafuta. Kisha nikaitazama kwa lenzi. Meno mawili ya nibu hayakuwa sawa, moja limempanda mwenzake, na hapo ndipo karatasi inapokwaruzwa. Nililirudisha chini kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kidogo, kisha kidogo tena. Mwisho nikaisugua ncha nikichora namba nane juu ya kile kipande chako cha kung'arishia kucha, ambacho utanisamehe, kimekwisha. Baba aliniambia niache mapema kuliko ninavyotamani, maana chuma kikishaliwa hakirudi.

Kazi ya kupima ilikuwa yake. Nikiandika, alifumba macho. Akisikia nibu inalalamika aliniambia inalalamika. Baadaye alisema sasa inanung'unika, ni afadhali. Alinieleza kwamba kalamu iliyokaa sawa hunong'ona tu, na mtu aliye chumba cha pili asijue kama unaandika au unawaza.

Nilikuwa na furaha sana siku hizo, Dada. Nilidhani tunatengeneza mkono.

Kalamu ya kwanza ilimshinda, mstari ukaanguka. Alisema inakwaruza, na kweli ilikuwa inakwaruza kidogo. Nikairekebisha ikawa inavuja. Tukanunua nyingine. Hiyo nayo mstari ulianguka, naye akasema wino ni mkavu. Mama akawa anamsikiliza na kuitikia, na kila jirani aliyekuja kumjulia hali aliambiwa kwamba sasa kinachokosekana ni kalamu tu. Mimi nikawa naitikia pia, ila usiku mmoja nilikumbuka jambo likaninyima raha. Unakumbuka alivyokuwa akitucheka tulipoleta daftari chafu na kusingizia kalamu? Alikuwa akituambia, mchagua jembe si mkulima. Alikuwa akisema hivyo kila mara, tena kwa kuimba.

Hii ya tatu ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Niliichagua vizuri na nikaitengeneza vizuri kuliko zote. Jumamosi mchana, Mama akiwa kwenye cherehani yake barazani, niliijaribu mbele ya Baba na sikusikia kitu. Nilidhani wino haushuki, kumbe maneno yako pale, meusi, yamenyooka. Ilikuwa inanong'ona. Baba alikuwa amefumba macho na alitabasamu, upande ule unaotabasamu. Nilifurahi nikataka kupiga makofi.

Nikamwekea kalamu mkononi, nikamkunja vidole kimoja kimoja, nikamwekea karatasi. Akaanza herufi ya kwanza ya jina langu. Kalamu haikumzuia popote, Dada. Ilikuwa laini mno, na kwa kuwa ilikuwa laini, mkono haukupata hata pa kujishikiza. Mstari uliteremka kama tone la maji kwenye kioo mpaka ukatoka nje ya karatasi, ukaendelea juu ya meza. Akarudia. Ukateremka tena. Akautazama mkono, si kalamu. Halafu akasema kwamba bado inakwaruza.

Haikuwa inakwaruza. Na mimi najua kwamba yeye alijua, kwa sababu masikio ninayosikilizia ni yeye aliyenipa.

Mama alikuwa amesikia kutoka barazani. Aliingia na uzi mabegani akisema hizi kalamu nazo zimezidi, akanyoosha mkono aijaribu mwenyewe. Nikamwona Baba anavyoutazama ule mkono wa Mama. Sijawahi kumwona Baba akimwogopa Mama, wala sidhani kama alikuwa anamwogopa yeye. Mama angeandika neno moja tu juu ya karatasi ile, na neno lingetoka zuri, na baada ya hapo pasingekuwa na kitu kingine cha kulaumu ndani ya nyumba hii.

Nikaiwahi. Nilisema nimeona tatizo, nipewe dakika moja. Nikaenda jikoni, nikaikandamiza nibu kwenye ukingo wa sinki mpaka jino moja likampanda mwenzake. Kuiharibu kulikuwa kwepesi kuliko kuiosha. Niliporudi, nilimpa Mama mwenyewe ajaribu juu ya bahasha. Ilipiga kelele kama paka. Mama alisema kumbe kweli, hawa watu wanatuuzia misumari. Baba alisikiliza mpaka sauti ikaisha, akanitazama, akasema kwamba sasa mkono wangu umekuwa wa fundi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sijamwambia mtu mwingine. Sijui kama nilifanya vizuri. Shuleni tumefundishwa kwamba uongo ni uongo, hata ukipakwa sukari, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya darasa nikalieleza somo hilo.

Juzi Mwalimu Mkuu alikuja. Alisema kwa upole kwamba siku ya kufunga shule imekaribia, na kwamba kompyuta ya ofisini ina maandishi mazuri siku hizi, lakini kama Bwana Wino yuko tayari yeye hana haraka. Baba akaniagiza nilete kalamu nimpe mgeni. Mwalimu Mkuu akaandika jina lake mwenyewe, karatasi ikachunika. Alicheka, akasema kwa kalamu hii hata yeye angefukuzwa kazi. Basi Baba akamwambia ayachukue makaratasi yake, maana hawezi kuwatia aibu watoto wa watu kwa chombo kama hicho. Alisema hayo akiwa amekaa wima, Dada, wima kabisa, na walipeana mikono, ya kushoto, wakitaniana. Sanduku lilipofika mlangoni akamwita arudi. Akaomba kimoja kibaki mpaka kalamu ya maana ipatikane. Kile changu. Kiko juu ya kabati, ndani ya gazeti, nafasi ya jina ni nyeupe.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Jana ulipopiga simu, Mama alikuambia kwamba kinachokosekana ni kalamu tu, nawe ukasema kwa furaha kwamba utajinyima, utamnunulia ile ya nibu ya dhahabu uliyoiona kwenye kabati la kioo, na kwamba utaituma mwisho wa mwezi. Mama alipiga vigelegele. Baba alikushukuru na kukuombea heri. Ulisikia sauti yake tu. Mimi nilimwona. Alipomaliza kukuombea aliweka ule mpira wa mazoezi kando, na hakuugusa tena mpaka akaenda kulala.

Nakuomba, Dada yangu, usiinunue. Ninajua unavyompenda, na sijui nikuambie vipi bila kukuumiza. Kalamu ya dhahabu hatutaweza kuisingizia. Itakuja na sanduku lake zuri, itanong'ona, na kila mtu atasimama kuitazama ikiandika. Ukitaka kutuma kitu, tuma ya bei rahisi kabisa, ile ambayo mabega yake si mapacha. Nitakaa nayo na Baba mchana, nitaiosha, yeye atafumba macho na kuniambia inalalamika, na kwa kuwa kuna kazi, ataujaribu tena mkono. Mama wa mazoezi alisema mikono mingine huchelewa. Hakusema haiji. Nilimuuliza mara mbili.

Leo asubuhi kabla sijaanza barua hii, nilimkuta Baba amelirudia limau lake. Kidole cha shahada kilikuwa kimeuzunguka mpira kidogo. Labda ni mimi niliyetamani kuona hivyo. Sikumwuliza.

Kuhusu mwandiko: nakuandikia kwa kalamu ile ile niliyoiharibu. Kalamu ya kawaida ninayo, iko mfukoni mwa sare. Lakini Baba yuko hapa, na kila nibu inapokwaruza anageuza kichwa. Hivi punde amemwita Mama kutoka barazani, amemwambia si unasikia mwenyewe, mtoto anavyoteseka nayo? Mama amesema anasikia. Nami nimesema ninasikia, Baba.

Msalimie sana mwenzako wa chumbani, umwambie ile kofia aliyonipa inanitosha. Mama anasema usilale na njaa kwa ajili yetu. Baba anasema mwandiko wako wa mara ya mwisho ulikuwa umelala upande, uamshe. Barua hii ukishaisoma ichane, usije nayo nyumbani.

Nakutakia afya na usingizi usio na ndoo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba.