Kwa Adija, Aliyekataa Kufuta Alichoandika

Mwaka umetimia leo, Adija, tangu uinamie kufunga kiatu chako asubuhi ile ya Alhamisi, hapa nyumbani Ngagara, ukashindwa kuinuka. Ulikuwa unakwenda kazini Gihosha, kwenye kituo kinachopokea watu waliopigwa na waliobakwa. Ulikuwa muuguzi pale kwa miaka kumi na minane. Mshipa wa kichwa ulipasuka, na siku ya nne ukatuacha sisi ndugu na jamaa zako.

Mafuta ya magari yalipoadimika mjini ulikwenda na kurudi kwa miguu. Ukifika ulikaa kwenye kizingiti cha jikoni, na mumeo Tajudini, hata kama mikono yake ilikuwa bado na grisi ya gereji, alikuletea maji ya vuguvugu uloweke miguu. Hakuna aliyekuuliza lolote. Tulingoja mpaka uvute pumzi na kusema, "Haya, semeni!" Hapo ndipo nyumba ilipochangamka. Siku hizi hakuna wa kutuambia tuseme, na jioni zetu ni ndefu.

Hukutusimulia habari za wagonjwa wako hata mara moja. Tunayoyajua tumeambiwa na mwenzako Jovithe, matangani, nawe umeshazikwa. Alisema ulikuwa unabisha hodi kwenye mlango wa chumba chako mwenyewe cha kazi, ukingoja aliye ndani akukaribishe. Ulimuuliza kila mtu kabla ya kumgusa: "Nikushike mkono, ama bado?" Kabatini uliweka vitenge safi ulivyonunua mwenyewe, kwa sababu nguo za mwanamke aliyebakwa hubaki kituoni kama ushahidi, nawe hukutaka arudi kwao amevaa shuka la hospitali. Alitusimulia pia habari ya msichana aliyekataa kupanda kitandani. Ulikaa naye sakafuni ukamenya machungwa, mkala mawili, na la tatu mkiwa katikati ndipo akaanza kusema.

Sasa tunafika penye jambo gumu, na tunaliandika kwa sababu Fadhila ametuomba. Amesema, "Mukiandika kumbukumbu ya Adija na mimi simo, mutakuwa mumeandika uongo."

Fadhila ni mke wa mdogo wako Ilias. Miaka mitatu iliyopita, siku mbili baada ya Idi, alikuja kituoni kutoka Kinama, mkono umevunjika na jicho limefunga kwa uvimbe. Alipokuona wewe, wifi yake, alitaka kugeuka. Ulimwachia njia, hukumzuia. Akasimama mwenyewe.

"Nimeanguka ku ngazi," alisema.

"Wifi," ulimjibu polepole, "nyumba yenu haina ngazi."

Alilia mpaka akatulia. Ukamwambia kama anaona haya, Jovithe yupo, atamhudumia yeye, na wewe utatoka nje. "Apana," alisema. "We ndiye nakutaka." Ukamsafisha, ukakaa naye alipofungwa plasta, na kwenye faili ukaandika kila jeraha na aliyelisababisha, kama alivyokutajia kwa kinywa chake. Ulimweleza kwamba kushtaki au kutoshtaki ni uamuzi wake, wala hutamsukuma. Wiki iliyofuata alikwenda kushtaki.

Jumapili mama yako, Mama Zaina, alikuita, nasi ndugu zako wote tukawepo. Tunakumbuka tulivyokuzunguka.

"Andika kwamba alianguka," mama yako alisema. "Faili iko mikononi mwako. Nani atajua?"

"Mama, mi niliona ule mkono."

"Ilias ni mutoto wa tumbo langu!"

"Na mi pia, Mama. Na Fadhila pia ana mama yake. Tungemwambia nini yule mama?"

Hakuna aliyekuunga mkono, isipokuwa Tajudini. Wengine tulikuita msaliti wa damu yako. Siku ya kesi ulisimama ukasema uliyoyaona, na Ilias akafungwa miaka miwili. Ulipotoka nje ulitapika kando ya ukuta. Houda binti yako alikushika kichwa. Sisi tulikuwa ng'ambo ya barabara, tukakuangalia tu.

Idi mbili zilipita. Kila Idi ulipika pilau, ukampa Houda ampelekee bibi yake, na kila Idi sufuria ilirudi kama ilivyokwenda. Ulikuwa unamwita Houda mle naye, ingawa chakula kilikuwa kimeshapoa. Mama yako ametaka hili liandikwe, na liandikwe hivi: "Nilikosa. Mwanangu alikuwa kwenye haki, na mi nilimrudishia chakula chake."

Alikuja hospitali siku ya pili ya ugonjwa wako. Alisimama mlangoni muda mrefu, hajui kama ana ruhusa ya kuingia. Kisha akakaa miguuni pako, akaanza kuikanda ile miguu iliyotembea mpaka Gihosha na kurudi, akikuomba radhi kwa jina lako la utotoni. Macho yako yalikuwa wazi lakini ulimi haukufanya kazi. Hatujui kama ulisikia. Anatuuliza hilo kila wiki.

Matangani walikuja wanawake ambao hatujawahi kuwaona, wengine na watoto mgongoni. Hawakusema wamekujuaje, nasi hatukuwauliza. Mmoja alifagia uani kote, akaosha vyombo vya watu wote, akaondoka bila kuaga.

Fadhila hajambo, Adija. Mkono wake haunyooki sawasawa, lakini unashona, na chumba alichopanga kiko mtaa wa pili kutoka kwetu. Ilias alitoka miezi miwili baada ya mazishi yako. Hakurudi kwa mkewe, kwa sababu mkewe hakutaka, na safari hii hakuna kati yetu aliyemwendea Fadhila na maneno ya kuvumilia. Ilias amekwenda kaburini kwako mara moja. Aliyoyasema huko ni yake na wewe.

Kisomo kitakuwa nyumbani, Ngagara, Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Mlango uko wazi kwa kila uliyemhudumia, na hakuna atakayeulizwa jina.

Wanaokukumbuka ni mumeo Tajudini. Binti yako Houda. Mama yako Zaina. Sisi ndugu zako. Wifi yako Fadhila na wanawe wawili. Jovithe na wenzako wote wa zamu. Ilias naye aliomba jina lake liwemo. Tulimuuliza Fadhila kwanza. Baada ya siku mbili akasema, "Muandikeni. Lakini nyuma ya watoto, nyuma ya watu wote." Basi, na mdogo wako Ilias.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Adija, na akulaze pema. Siku zote tutakukumbuka, na tutasema uliyoyafanya.