Filimbi Niliyoichukua Nyumbani

Butembo, Jumamosi jioni. Mvua imekatika, ukungu umebaki.

Ninaandika kwa simu, na maneno mengi nimeyafuta na kuyarudia. Chai iko mezani tangu nilipoingia. Imepoa. Kila mlango wa jirani unapobamizwa, nasimama.

Leo nimeukimbiza mtaa mzima. Mimi, mwalimu wa darasa la tano, mtu anayezunguka njia ndefu kwa kuogopa mbwa wa jirani.

Ngoja nianze mahali pa kuanzia, maana kichwani kwangu kila kitu kinakuja kwa pamoja.

Shule yetu ni ndogo, ya kanisa, hapa katika komini ya Kimemi, sehemu moja ya mji. Madarasa ni ya mbao. Uwanja ni ule ule wa kanisa, na umeinama, kiasi kwamba timu inayocheza kuelekea chini hufunga magoli hata bila kutaka. Mwaka wa masomo ulipoanza, mkurugenzi wa shule, ambaye pia ni mchungaji wetu, alinikabidhi michezo. Sababu yake sikuipenda. Alisema mimi ndiye mwalimu kijana kuliko wote, na kwamba aliwahi kuniona nikiwarudishia watoto mpira kwa teke. Basi, nikawa kocha.

Tulianza na mpira mmoja wenye kiraka. Baba mmoja fundi seremala akatukatia miti ya mikaratusi tukasimamisha magoli. Wasichana walisimama pembeni wiki za kwanza, wakicheka kwa kuziba midomo. Sasa wanagombania nafasi na wavulana, na mimi ndiye ninayewatenganisha.

Nimejenga kitu. Naomba niliandike hili leo, kabla halijafa.

Lakini nimekijenga kwa woga tangu siku ya kwanza. Watoto nawahesabu wakifika, nawahesabu wakiondoka, na katikati ya mazoezi nawahesabu tena. Kando ya uwanja inapita barabara ya pikipiki, kwa hiyo niliwafundisha ishara yangu ya makofi: mawili ya polepole, matatu ya haraka. Wakiyasikia, kila mkubwa anamshika mkono mdogo aliye karibu naye, wanatoka uwanjani pamoja. Wanaipenda kama mchezo wenyewe. Wadogo wengine wanakuja kwa ajili ya hiyo tu, kushikwa mkono na wakubwa.

Kuna shule ya Beni iliyotualika tukacheze kwao. Mkurugenzi alifurahi, watoto waliruka. Mimi nilikataa. Nilisema hatuna gari, nikasema mvua, nikasema mitihani. Ukweli ni barabara, ambako watu wenye silaha huvizia magari. Nikiifikiria barabara ya Beni, na watoto wa watu wamekaa nyuma ya gari wakiimba, nakataa kabla sijaulizwa. Nikaomba badala yake tualike shule moja ya upande wa pili wa Butembo, tucheze hapa hapa nyumbani. Nyumbani ni salama, nikasema.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Sasa filimbi. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za mtaa huu, filimbi, au sifflet kama tunavyoiita, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Si ya kuchezea. Ukiona watu usiowajua wanaingia mtaani vibaya, unapuliza kwa kuvuta sauti ndefu, mara nyingi uwezavyo. Jirani akisikia anachukua sufuria na kuipiga, wa pili anaipokea, mpaka kilima chote kiko macho na watu wako mbioni. Ndivyo tunavyojilinda. Hata mtoto mdogo anajua.

Uwanjani sijawahi kutumia filimbi. Ni makofi tu. Lakini leo asubuhi nilimfikiria kocha wa ile shule tuliyoialika, wageni wetu wa leo. Nimewahi kumwona: ana kofia, ana suti ya michezo yenye mistari, anatembea kama mtu wa televisheni. Nikajiona nikichezesha mechi ya kwanza ya shule yetu kwa kupiga makofi kama mama anayefukuza kuku. Niliona haya.

Nikaitoa filimbi kwenye msumari, nikaivaa shingoni.

Mwanzoni hakukuwa na neno. Nilipuliza kidogo kidogo, pii, pii. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo ng'ambo ya barabara aliinua kichwa kwa mshtuko, akawaona watoto wamevaa fulana, akatabasamu. Mechi ilikuwa nzuri. Langoni kwetu alikuwa Kavira, msichana mrefu wa darasa langu. Yeye na nyanya yake walikimbia kutoka kijiji kimoja cha upande wa Beni kilipovamiwa. Darasani Kavira hatoi neno mpaka nimwulize mara ya pili. Langoni ni mtu mwingine. Anapiga kelele, anawapanga mabeki, anawagombeza hata waliomzidi umri. Nyuma ya goli lake walikaa wadogo wa darasa la kwanza, wanamshangilia.

Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni, namna unavyopanda hapa kwetu, bila kubisha hodi. Ikawa kutoka goli moja huoni goli la pili. Nilitazama saa, muda ulikuwa umekwisha. Nikafanya kama waamuzi wa televisheni. Nilipuliza filimbi ndefu. Nikavuta pumzi, nikapuliza nyingine ndefu. Na nyingine.

Watoto wakauacha mpira.

Halafu kule juu, sufuria moja ikalia. Nikafikiri mtu ameangusha chombo. Ikalia ya pili. Zikaanza kupokezana, juu, kando, ng'ambo ya barabara, mpaka sauti zikawa moja. Mtu akapiga kelele, "Adui! Adui beko ku shule!" Katika ukungu niliona migongo tu. Akina mama wenye watoto mgongoni, mzee mwenye redio kifuani, yule mama wa nguo na beseni lake tupu. Pikipiki ziligeuka na kurudi zilikotoka. Watoto wangu walitawanyika kama mtu amemwaga maharagwe.

Nilipaza sauti kadiri nilivyoweza. "Hapana adui! Ni mupira! Ni mupira tu!"

Nani anisikilize? Mtu anayekimbia hasikii maneno kama hayo.

Wageni walikuwa wamejifungia kanisani na kocha wao, wote salama. Wa kwetu walianza kurudi mmoja mmoja baada ya sufuria kunyamaza, wengine wameshikwa na wazazi. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Kavira hakuwepo. Na wale wadogo wa nyuma ya goli lake, hakuna hata mmoja.

Sijui niandike nini juu ya wakati ule. Nilifikiria kijito kilichojaa mvua, nilifikiria pikipiki. Mama mmoja alinishika fulana kifuani akaniuliza, "Mwalimu, mutoto yangu eko wapi?" Nilimtazama tu, na nadhani sitausahau uso wake.

Nyanya wa Kavira alifika akihema, kitenge kimemfunguka nusu. Hakunigombeza. Alisema, "Huyu atakuwa amelala chini fasi fulani. Anajuaka kujificha." Alisema kama mtu anavyosema mjukuu wake anajua kupika. Hilo liliniumiza kuliko kugombezwa.

Nilishuka bondeni, kwenye mikaratusi na mashamba ya maharagwe. Nikaita majina. Nikaita Kavira kwa sauti yangu yote, nikasema ni mimi, Mwalimu Kahindo, tokeni, hakuna kitu. Nikatembea, nikaita, nikalia kidogo, nikaita. Mkurugenzi alikuwa upande wa pili wa shamba, naye anaita. Hakuna.

Sikupiga makofi kwa sababu ya akili. Nilipiga kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha. Mawili ya polepole, matatu ya haraka.

Maharagwe yakatikisika karibu yangu, karibu kabisa, nilikuwa nimepita hapo kwa hatua chache. Kavira alisimama kutoka kwenye mtaro, matope mpaka kwenye nywele. Mkono wa kulia amemshika mdogo mmoja, wa kushoto mwingine, na wale wameshikana na wengine, mnyororo mzima. Hakuna aliyekuwa analia. Alikuwa amewafundisha wasilie.

Nilimwuliza kwa nini hakuitika, nilimwita mara nyingi namna ile.

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Mwalimu, hata bale benye kuuwa banajua kuita mutu na jina yake. Lakini ile makofi, ni ya siye tu."

Nikapiga magoti kwenye matope. Nikawahesabu, nikawahesabu tena. Wote walikuwepo.

Tulipopanda uwanjani, chef wetu, kiongozi wa barabara yetu, alikuwa ananisubiri na watu nyuma yake. Mzee mmoja ameteguka mguu kwa kukimbia. Chakula kimeungua kwa watu. Alisema mbele ya wote, "Hii mambo ya sport, imeisha leo. Mwalimu anataka kutuuwa na woga." Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Wazazi wengine waliitikia. Mimi ningeitikia pia. Nilikuwa nimekwisha kujihukumu.

Aliyejibu ni nyanya wa Kavira, akiwa bado anampangusa mjukuu wake matope kwa ncha ya kitenge.

"Chef, miye nitamutuma tena. Tangu tulitoka kule, huyu mutoto hapana kusema. Anasemaka ku mupira tu. Na leo ameshika batoto ya bengine. Unataka nimuweke ndani, afanye nini?"

Chef hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema Jumatatu tutazungumza ofisini kwake, mimi na mkurugenzi. Watu wakaanza kwenda. Yule mama aliyenishika fulana alikuwa na mwanawe mgongoni sasa, na hakuniangalia. Ana haki.

Nilidhani woga wangu wa leo umeishia hapo. Lakini nikiwa karibu na mlango wangu, jirani yangu, kijana anayeuza mkaa, alinicheka kwa wema wake wote. Alitaka kunichangamsha. "Kumbe ni mupira yako, Mwalimu! Ulitukimbiza bure. Basi, mara ingine tukisikia sifflet, tutalala tu."

Akaingia kwake akicheka.

Nilisimama mlangoni nisiweze kufungua. Ndiyo hiyo inayonitisha, wala si chef, wala si Jumatatu. Siku moja mtu atapuliza filimbi nyuma ya mlango wake, kwa kuvuta, mara nyingi awezavyo, naye atakuwa ameona kitu kweli. Na jirani atageuka upande wa pili kitandani. Atasema ni mpira wa Mwalimu Kahindo.

Mazoezi yanaweza kufungwa Jumatatu, au yasifungwe. Nitayapigania, kwa ajili ya yule msichana langoni. Yakibaki, mechi zote zitaanza na kumalizika kwa makofi, na kocha wa wageni na kofia yake acheke atakavyo. Beni bado naiogopa. Sasa naogopa na hapa.

Filimbi nimeirudisha kwenye msumari. Nimeifuta kwanza.

Kesho ni ibada. Nimempigia mkurugenzi, nimemwomba dakika chache baada ya matangazo. Nitasimama mbele ya kanisa lote, mimi ninayetetemeka hata kusoma mstari mmoja wa Zaburi. Nitaomba msamaha kwa mguu wa mzee na kwa chakula kilichoungua. Nitapiga yale makofi, watu wayajue kwamba ni ya mchezo. Halafu nitawaomba jambo moja tu, na Mungu anipe sauti ya kulisema.

Mkiisikia filimbi tena, kimbieni. Kimbieni kama leo.