Mwisho wa Juma kwa Bwana Chan

Alhamisi, 3 Aprili 1975

Dawa asubuhi, dawa jioni. Tumbo halikubali kitu. Nimetembea hadi langoni, nikalazimika kukaa chini kabla ya kurudi.

Mwanangu wa pekee, Odhiambo, ameleta habari kwamba nyumba anayonijengea Bondo imeezekwa. Jumapili anakuja na gari kunichukua. Anasema hewa ya huko ni nzuri. Maana yake nikafie nyumbani.

Nakiri hapa, kwa kuwa kwingine sina ujasiri. Sitaki kwenda. Nataka kuzikwa Kisumu, katika makaburi ya mjini, kando ya Abigael. Mke wangu alipofariki mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Bondo, tukamzika hapa. Tukasema tutamhamisha. Hatukumhamisha. Mjaluo mzima, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, anataka kulala kati ya watu wasio na kwao. Wakisikia ukoo watasema ugonjwa umepanda kichwani. Haujapanda.

Ijumaa, 4 Aprili

Niko kwa Bwana Chan. Ndiye aliyenitengenezea meno. Mchina, lakini kazaliwa hapa hapa, na Kijaluo chake ni safi kuliko cha wajukuu wangu, lakini mbele ya mkewe tunasema Kiswahili, nacho hukivunja. Baba yake, seremala aliyekuja zamani kutoka China, amezikwa mistari michache kutoka kwa Abigael. Kesho ni siku yao ya kufagia makaburi. Kila mwaka tulikuwa tukisalimiana kwa mbali huko. Mwaka huu miguu yangu haifiki, ndipo akaja kunichukua, nilale kwake, asubuhi twende pamoja.

Wamenipa chumba chao cha kulala. Nilikataa.

"Mwalimu, leo wewe ni mgeni," akasema. "Mgeni hapana chagua kitanda."

Mezani kulikuwa na ngege, samaki wetu wa ziwani, mzima, aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi. Mama Chan aliizungusha sahani mpaka kichwa cha samaki kikanielekea. Ndiyo heshima yao. Hakuna anayegusa chakula kabla ya yule anayetazamwa na samaki. Nao wakangoja. Nikaweka kipande mdomoni, kikagoma kushuka. Niliona aibu kubwa.

Mama Chan alichukua sahani yangu. Aliondoka, akarudi na uji wa mchele, wa chumvi, mwepesi. Nikaumaliza. Sikumbuki lini nilimaliza bakuli.

"Meno nilitengeneza ya nyama," Bwana Chan akasema, "Mwalimu anatumia kwa uji."

Nilicheka. Kucheka kuliniuma ubavu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimechoka mno, lakini lazima niandike.

Tulifika makaburini mapema. Bwana Chan alikata nyasi, akafagia, akaosha jiwe la baba yake kama mtu anayemwosha mzee uso. Mkewe akapanga kuku mzima, wali, machungwa, vikombe vidogo vya chai. Wakachoma ubani na karatasi za rangi ya dhahabu. Mimi, mzee wa kanisa, nilisimama pembeni. Nilijua Kasisi angesema nini. Sikujali sana.

Kisha, bila kuniuliza, wakahamia kwa Abigael. Bwana Chan akafagia. Mama Chan akapiga magoti, bakuli mkononi, akaniuliza Mama alikuwa akipenda kula nini. Tangu tumzike hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo. Nikasema kuon na omena, yaani ugali na dagaa, na omena iwe chungu kidogo. Akaweka wali, akamwomba radhi kwa Kiswahili kwamba hakujua, mwaka ujao ataleta.

Baadaye walitandika mkeka tukala pale pale, kati ya makaburi, kuku yule yule. Watoto wa jirani walitutazama kutoka ukutani. Nilikunywa chai.

Nikauliza kwa nini baba yake hakurudishwa China. Nilitaka aniambie kwamba popote ni kwao. Nilitaka shahidi wa kumpelekea Odhiambo.

Bwana Chan alichagua chungwa. Kisha akasema mzee alitaka sana kurudi, aliomba mpaka siku ya mwisho. Mifupa ingesafirishwa. Njia ilipatikana. Bwana Chan mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Nikimpeleka, Mwalimu, mimi hapa nitabaki mtoto ya nani?"

Hakulia. Alikuwa akimenya chungwa. Akanipa nusu.

Shahidi wangu amekuwa wa Odhiambo.

Jumapili, 6 Aprili

Odhiambo alinikuta kwa Chan. Walimlisha kwanza. Kisha tukaachwa sebuleni, nikamwambia yote. Kaburi, Abigael, mjini. Nilisema haraka, kama mtoto anayesoma somo asilolijua.

Hakukasirika. Heri angekasirika. Aliinamisha kichwa. Kwetu mwana hawezi kuweka boma lake kabla ya baba kuwa na lake, na boma la baba aliyelala kwingine halihesabiwi. Ana mvi tayari na bado analala nyumba ya kupanga.

"Baba, ukilala hapa, mimi nitajenga wapi?"

Jibu nililolishika tangu Alhamisi nikaliacha. 

Nikamwambia nitakwenda. Ila kila mwaka, siku ya akina Chan, afagie kwa mama yake.

Akakubali. Halafu akaniuliza kaburi liko wapi. Mafuriko yale yalimkuta yuko shuleni Uganda, na tangu arudi sikuwahi kumpeleka. Nilidhani anajua. Yeye alidhani sitaki aende.

Nina uchungu. Sijashawishika. Nakwenda kwa sababu mwanangu yu hai.

Jumatatu, 7 Aprili

Tukielekea Bondo tulipitia makaburini. Nilibaki garini nikamwelekeza kwa fimbo. Hakukuwa na kitu cha kufagia, Chan alishamaliza. Odhiambo alifagia hivyo hivyo, kwa mikono, tai shingoni. Alikawia. Sikumharakisha.

Barabara mbovu. Nilitapika mara nyingi.

Jumatano, 9 Aprili. Bondo

Kuta bado zinanuka udongo mbichi. Jana nililala mchana kutwa.

Leo Odhiambo amenionyesha mahali pangu pa kuzikwa, upande wa kulia wa nyumba. Nikatazama kushoto, anakolazwa mke. Pamelimwa, hapajapandwa kitu, kama mahali panapongoja mtu. 

Nimeomba kiti kiwekwe huko. Jua la asubuhi linafika hapo kwanza. Nimekaa mpaka mke wa Odhiambo akaja kuniita ndani.

Nikamwambia bado kidogo.