Kopo la Wulan

Mama,

Vipande vya fenesi viko kwenye trei, barazani. Vifunike kitambaa. Vikipigwa na jua kali vinapoteza rangi na vitamini. Usivisage mpaka vikatike kama vijiti vikavu.

Asubuhi, mbele ya majirani, umeusukuma uji wangu, eti unga wangu wa fenesi unanuka moshi. Ukataka ule wa kwenye kopo, aliokutumia binti yako Wulan kutoka Surabaya. Ukala, ukalamba na kijiko. "Mwanangu anajua kukausha, si kama wengine!"

Mama, unga wa Wulan uliisha tangu Idi. Kopo hilo nalijaza mimi, kwa unga huohuo unaonuka moshi.

Nimekwenda kwetu. Nitarudi ~~kesho~~ nikiitwa. Kopo nimeliacha tupu. Mwambie Wulan alijaze.

Mkweo, yule wa moshi