Aya Niliyoiruka

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili alasiri, tarehe 14, mwezi wa tisa

Mpendwa mama mdogo,

Kuna jambo nililifanya mwezi wa tano na sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si rafiki zangu, hata bibi sikumwambia alipokuwa hai, na yeye nilikuwa namwambia mpaka ndoto zangu. Siku ile mama hakuchelewa kwa kupenda. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Najua si adabu kuanza na hili kabla ya salamu, lakini unanijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Sasa nakusalimu. Shikamoo, mama mdogo. Hujambo? Baba mdogo hajambo? Kile kifua chako kinachokusumbua kila baridi ikiingia kimetulia? Na pacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakwenda kazini na kurudi. Kitanda cha bibi bado kiko pale pale chini ya dirisha, kimetandikwa, na hakuna anayekikalia. Wageni wakija tunabanana kwenye kochi moja kama vijiti vya kiberiti.

Zaidi ya miezi miwili sasa hujampigia mama simu. Sikulaumu. Siku ya msiba ulisema neno, na simu ilikuwa kwenye spika, tukasikia sote: "Dada alikuwa anazurura wakati mama anakata roho!" Mama hakujitetea. Alisema tu, "Nilichelewa, mdogo wangu," akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Tangu siku hiyo simu ikilia anafuta mikono kwanza, anatazama ni nani, kisha anairudisha mezani taratibu.

Habari ya kwamba alizurura uliitoa kwangu. Ni mimi niliyekwambia kuwa duka limesema ametoka saa nane kamili. Sikuongopa, ndivyo nilivyoambiwa. Lakini pale dukani, kutoka si kutoka. Ngoja nikueleze mimi, maana mama mwenyewe hatakueleza. Anaona haya. Wewe unamjua kuwa ni dada yako mkubwa mwenye kazi safi, sare imepigwa pasi, jina limeandikwa kifuani, anakaa kaunta kupokea wateja. Hataki umjue vingine.

Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili, lakini saa kumi na moja na nusu lazima wawe wameshaingia. Wanavaa sare, wanapiga deki, wanajaza rafu, halafu wanasimama wima kumsikiliza msimamizi. Wamempa jina la Bwana Dakika, kwa sababu ukichelewa dakika moja ni kosa lako, na ukiwahi dakika thelathini ni mali yake. Akishamaliza hotuba ndipo wanaruhusiwa kwenda kuweka kidole kwenye mashine, na mashine inaandika kwamba sasa ndiyo wamefika. Bibi alizoea kusema, "Hilo duka linamwamsha mwanangu kabla lenyewe halijaamka."

Mchana ni hivyo hivyo, ila kinyumenyume. Saa nane wanaweka kidole, mashine inaandika wametoka. Kisha wanapanga foleni mlango wa nyuma wapekuliwe: mkoba, mifuko ya sare, viatu, mpaka kilemba. Mlinzi wa kike ni mmoja, wanawake ni ishirini na kitu, na wanaoingia zamu ya mchana nao wanapita kwake yeye yule. Simu zimefungiwa kwenye sanduku tangu alfajiri, na hupewi yako mpaka umalize kupekuliwa. Foleni hiyo wenyewe wanaiita Kiama, eti kila mtu amesimama na mzigo wake mkononi akingoja ufunguliwe. Mama alipotusimulia utani huo tulicheka sote. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Mwezi wa tano wakapewa karatasi ya kutia saini. Ilikuwa kwa lugha ya ofisini, ile ninayosomeshwa shuleni, na wengi wao hawaisomi. Jioni mama akaja nayo pamoja na wenzake wawili. Mmoja ni yule mama wa mizani, anayepima mboga na matunda. Wa pili ni dada mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na wiki tano tu. Mama aliniita kutoka chumbani kwa sauti ya kujivuna: "Njoo, msomi wetu, utufungue macho!" Bibi alikuwa ameshaanza kuumwa, lakini alijiinua kitandani akanipigia makofi mawili.

Unajua ninavyokuwa mbele ya watu. Masikio yaliwaka moto, nikailaza karatasi mezani. Nikasoma aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikiwatafsiria. Ya nne ilikuwa ndefu. Nikaitupia macho kwanza. Ilianza kwa kusema kwamba muda wa maandalizi kabla ya zamu na muda wa ukaguzi baada ya zamu si muda wa kazi, na kila anayetia saini amekubali kuwa hautalipwa. Nikamtazama mama. Nikakumbuka kazi yake ya zamani kwenye duka la vitambaa, aliyoiacha siku moja kwa neno kama hilo hilo, na mimi nikakaa nyumbani muhula mzima nikichungulia wenzangu wakipita na mabegi. Nikajiambia, nikilisoma hili ataondoka tena. Nikairuka. Nikaenda ya tano, inayohusu usafi wa sare.

Lakini nikikwambia sababu ni hiyo tu nitakuwa najipamba. Nyingine ni ndogo, na ndiyo inayoniaibisha zaidi. Mama wa mizani alikuwa amesema, "Lo, mtoto anasoma kama maji!" na wote wakanikodolea macho, nami nilitaka iishe tu nirudi chumbani.

"Hakuna neno baya humo?" mama aliuliza.

"Hakuna neno, mama."

Wakatia saini pale pale, kwa kalamu yangu ya shule. Kesho yake na wengine wakatia, kwa kuwa mtoto wa mwenzao anayejua kusoma alikuwa amesema hakuna neno.

Aya ile sikuimaliza hata kwa macho.

Jumamosi ile ya mwezi wa saba bibi aliamka vizuri, akanywa chai nusu kikombe, akaniambia nywele zangu zinafanana na kiota. Saa saba pumzi yake ikabadilika. Nikamwita jirani yetu fundi cherehani, akaja na utepe wa kupimia bado uko shingoni, akamshika bibi mkono, akanitazama. Nikaelewa. Bibi akauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Nikapiga simu ya mama. Ikaita, ikaita, ikakatika. Saa nane na dakika kumi nikapiga dukani, mtu wa ofisini akanijibu, "Huyo keshatoka, saa nane kamili, naona hapa kwenye mashine."

Nikamwambia bibi ametoka, yuko njiani. Kutoka dukani mpaka kwetu ni dakika kumi kwa mguu. Bibi akageuza uso kuelekea mlangoni. Kila geti la uani lilipolia aliinua shingo kidogo, akaona ni mpangaji, akailaza. Ndipo ulipopiga wewe, nikakwambia maneno yale yale. Nikaendelea kumwambia bibi yuko njiani, yuko njiani, mpaka fundi cherehani akanishika bega akasema, "Basi, mwanangu. Nyamaza sasa." Ilikuwa saa tisa kasoro robo.

Mama aliingia baada ya dakika kumi. Hili hukuambiwa: aliingia peku, viatu viko mkononi. Hakungoja kuvivaa.

Wiki tatu zilizopita mvua ilinyesha ghafla, nikampelekea mwavuli. Nikazunguka mlango wa nyuma, na kupitia matundu ya uzio nikaiona Kiama kwa macho yangu. Mama alikuwa wa saba au wa nane. Kilemba amekishika mkononi, mvi zake ziko wazi mbele ya madereva wa malori ya mizigo. Yule dada mwenye mtoto alikuwa mwisho kabisa, sare imelowa maziwa kifuani, amejiziba kwa mkoba. Nikarudi nyuma ya lori nisionekane.

Mama wa mizani ndiye aliyenikuta, kwa kuwa alikuwa ameshamaliza. "Unalia nini wewe? Mama yako mzima yule pale," akasema. Akadhani namlilia bibi, akaanza kunibembeleza, na katika kunibembeleza ndipo akanimaliza. Alisema siku ile walimsukuma mama mbele, "Pita dada, pita, una mgonjwa!" mpaka mlinzi mwenyewe akanyoosha mkono kuupokea mkoba wake. Bwana Dakika akamrudisha. Akamwambia jina lake halimo kwenye orodha ya wanaokaguliwa mwanzo. Mama akauliza, orodha gani? Akajibiwa, "Soma ulichotia saini." Basi akarudi nafasi yake, akasimama zaidi ya dakika arobaini akitazama kisigino cha mtu aliye mbele yake.

"Hiyo orodha hata sisi hatuijui," mama wa mizani akasema. "Labda iko kwenye karatasi za wakubwa, maana ya kwetu wewe ulitusomea yote."

Nilikimbia nyumbani nikaitafuta nakala ya mama. Aya ya nne, sentensi ya mwisho: mfanyakazi mwenye mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani aandikishe jina lake ndani ya siku saba, naye atakuwa anakaguliwa kabla ya wengine. Siku saba! Na bibi alikuwa amelala hatua tatu kutoka pale nilipokuwa nasoma. Sumu na dawa vilikuwa kwenye chupa moja, nami kwa kuogopa sumu nikaitupa chupa nzima.

Najua utasema mimi ni mtoto, na walioipanga foleni ile ni watu wazima. Ni kweli pia. Zile alfajiri zote na zile saa nane zote walizomchukulia mama bila hata asante, sikuzichukua mimi. Lakini palikuwa na kimlango kidogo, na ufunguo nilikabidhiwa mimi.

Mama mdogo, mpigie mama. Nakuomba kwa hisani yako. Usipige saa nane, bado anakuwa pale. Piga saa tisa na nusu, akiwa ameshakaa. Usimuulize alikuwa wapi siku ile. Muulize kama amekula, au umwambie habari za pacha, chochote. Vitu vya bibi amevigawa mafungu mawili. Miwani na ile sweta ya kijani ameviweka kwenye mfuko peke yake, na nilipomuuliza akasema, "Hivyo ni vya mdogo wangu." Hata hasira zako amezitunza kama mali yako.

Aya ya nne nimeitafsiri yote kwenye daftari, safari hii bila kuruka hata nukta. Kesho nampelekea mama wa mizani na yule dada. Siku saba zilishapita zamani, lakini wajue walichokubali, na wakitaka kwenda kumuuliza Bwana Dakika, waende wakijua. Ndiyo maana mama lazima alisikie kwangu leo, kabla hajalisikia kwa wenzake kwenye foleni. Sijui atafanya nini. Akinichapa nitashukuru. Ninachoogopa ni anyamaze, kisha aende kuosha vikombe.

Nisalimie baba mdogo, mwambie redio aliyotuachia bado inaongea ukiipiga kofi. Wabusu pacha, wa kwanza mara mbili, wa pili mara mbili, wasije wakagombana. Nisalimie na mama mkwe wako, anayeniita bubu kila akija. Fundi cherehani anakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko, ausafishe moyo wako na wetu, na asituache tukazikana bila kusemeshana.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata kama baada ya barua hii hutanipenda,
yule uliyempa jina la Kobe

Nilikuwa nakunja karatasi, mama mdogo, nasikia viatu vya mama uani. Anavikokota leo, amechoka. Barua hii naificha chini ya daftari, na si kwa woga. Nilishamsomea karatasi moja ikamponza. Hili atalisikia mdomoni mwangu, nikimtazama usoni. Amefika mlango—