Kadi Kumi na Mbili za Kuamshia Mashine

Jumatatu, 3 Julai 1995

Miezi saba na siku nne tangu nitoke Urambo. Baridi ya Njombe bado sijaizoea. Nimefagia ghala, nimewasha jiko la mkaa, nimefuta kutu mpaka mchana. Mgongo unauma.

Mashine ni kompyuta ya zamani ya kiwanda cha miwati, ile miti ya magome ya kulainishia ngozi. Makabati sita, kila moja linanizidi kimo. Kiwanda kimeuzwa. Mwenye mali mpya ametupa muda mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Ikiamka, majina ya wakulima na mipaka ya mashamba yao yatatoka kwenye tepu, maana makaratasi yaliliwa na mchwa. Isipoamka, lori la chuma chakavu linakuja. Mzee Mwalongo, aliyeiendesha tangu ujana wake, kaniahidi: ikiamka tu, ananilipa, naenda nyumbani.

Viungo vingi havipo. Mlango mmoja tuliukuta Mjimwema, umekuwa mlango wa banda la kuku. Feni ilikuwa kwa mhunzi, inampulizia moto. Tumevirudisha.

Leo mkaa ulikuwa na unyevu. Bahati kuna sanduku la kadi kuukuu zenye matundu chini ya meza. Zinashika moto vizuri sana.

Jumatano, 5 Julai

Makambako, kutafuta mkanda wa kisomeo cha kadi. Wa asili umepotea. Nimepima kwa uzi wenye fundo, nikapata wa cherehani. Bwana Hamdani, mwenye lori la chuma chakavu, aliniona stendi.

"Wewe Mnyamwezi, hayo makabati nije kuyapakia lini?"

Nikamwambia apakie viazi. Alicheka, akaninunulia chai na maandazi. Mtu mzuri. Simtaki aje.

Ijumaa, 7 Julai

Mkanda umekaa. Feni zinazunguka. Taa zimewaka. Mzee alivua kofia, akacheka peke yake. Kisha akainama chini ya meza kutafuta sanduku. Kadi kumi na mbili za chini kabisa, alisema, ndizo zinazoiamsha. Bila hizo tepu hazisomeki.

Nimesema sijaliona sanduku. Nimedanganya.

Jumamosi, 8 Julai

Nimemwambia. Nimemwonyesha jivu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikaa juu ya debe.

"Kasimu, umeota moto kwa kazi yangu ya miaka kumi na minane."

Nilianza kufunga mizigo. Akaniuliza nakwenda wapi. "Wewe umechoma, wewe utatoboa." Ana daftari. Zamani alinakili matundu yote ya zile kumi na mbili kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa kuhofia panya. Hakunifikiria mimi.

Jumatatu, 10 Julai

Nilikuwa msaidizi wa mshona viatu Tabora, mkono ninao. Msumari wa inchi nne nimeuponda ukawa bapa, nikaunoa. Kadi tumekata kwenye manila ya dukani. Mzee anasoma, mimi natoboa. Safu ya kumi na tisa, tundu la tatu na la saba. Shule niliishia darasa la tano, lakini kuhesabu matundu naweza. Nikikosea moja, kadi nzima inatupwa. Nimetupa tatu.

Nilisahau baridi. Nilisahau hata kuchoka. Siku nzuri.

Alhamisi, 13 Julai

Kumi na mbili zimetimia, na zimekwama. Ukungu wa siku tatu. Kadi zimenyonya unyevu, zimevimba, kisomeo kimetafuna mbili. Nilitukana. Nikatoboa nyingine mbili kwa hasira.

Mama Sanga, anayetuuzia uji, alinikuta nazianika nje, na jua hakuna. Akanisalimu kwa salamu ya kwao.

"Kamwene, baba. Kwenu mbegu ya mahindi mnaikausha kwenye ukungu?"

Kwake mbegu inakaa kwenye kichanja juu ya moto wa jikoni, mpaka siku ya kupanda. Amezichukua kadi zote, kazipanga katikati ya mahindi, ubao juu zisijikunje. Kadi zangu ziko juu ya moto tena. Naogopa.

Jumamosi, 15 Julai

Lori lilifika saa tatu. Hamdani na wapakizi wake. Mwenye mali naye, anaangalia saa.

Mama Sanga alileta kadi kwenye kanga. Kavu, zimenyooka, rangi ya chai, zinanuka moshi. Ya kwanza ikapita. Ya tano ikasita. Mzee alifumba macho. Ikapita. Ya kumi na mbili ikapita, na tepu ikazunguka. Mashine ya kuchapa ikaanza kupiga. Jina, shamba, mipaka. Jina, shamba, mipaka.

Mama Sanga alimtambua marehemu baba yake kwenye karatasi. Alisoma kwa kidole.

"Sasa mimi nipakie nini?" Hamdani aliuliza.

Nikamjibu lile lile la stendi. Kweli kaondoka na viazi.

Jumapili, 16 Julai

Mvua nyembamba. Mzee kaniruhusu niondoke kesho. Nimekataa. Nataka kwanza nitoboe kumi na mbili nyingine, zikae kwa Mama Sanga juu ya mahindi, asije akatokea mwingine mwenye baridi kama mimi. Mzee alifungua daftari, akaanza kusoma.

Leo tumefanya mbili. Ijumaa nitamaliza. Jumamosi napanda basi la Mbeya, halafu Tabora. Barabara ikiwa nzuri, Jumatano ya tarehe ishirini na sita nitakuwa Urambo kwa mke wangu Mwajuma.